Malezi ya wanafunzi katika chuo kikuu cha dini: tathmini ya mzazi kutoka Wete

Mzazi anayempeleka mtoto wake katika chuo kikuu kinachoendeshwa na jumuiya ya dini halipii masomo peke yake. Ualimu, sheria, uhasibu na uuguzi vinasomeshwa pia katika vyuo vya serikali, tena mara nyingine kwa ada iliyo nafuu zaidi. Anacholipia ni ahadi iliyoandikwa katika kurasa za mwanzo za kitabu cha muongozo, kwamba kijana atalelewa kiroho, kiakili, kimwili na kitabia, na kwamba atarudi nyumbani akiwa mtu aliyekamilika na si mwenye cheti tu. Tathmini hii inaihusu ahadi hiyo, pamoja na huduma zinazotakiwa kuitimiza, katika chuo kimoja cha Kiislamu ng'ambo ya bahari kutoka kwetu Wete, ambako binti yangu yumo katika mwaka wa tatu wa shahada ya ualimu wa sayansi. Jina la chuo sikulitaja kwa makusudi, kwa sababu mengi ya yaliyomo humu yanaweza kukutwa kwengineko, na binti mwenyewe ameisoma rasimu na kufuta alichotaka kifutwe kabla sijaitoa.

Sisi wa visiwani tunayo sababu ya kulipima jambo hili kwa uzito. Elimu ya chuo kikuu ililetwa Zanzibar kwanza na jumuiya za dini: mwaka 1998 kilianza Chuo Kikuu cha Zanzibar kilichopo Tunguu, chini ya jumuiya ya Darul Iman, na mwaka huo huo kikaanza chuo cha ualimu cha Chukwani, kilichoasisiwa na Africa Muslims Agency ya Kuwait na ambacho leo kinabeba jina la marehemu Dk. Abdulrahman Al-Sumait. SUZA, yaani Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, ambacho ni cha serikali, kiliundwa kwa sheria ya mwaka 1999 na kuanza kusomesha mwaka 2001. Bara nako, Maaskofu Katoliki walifungua Chuo Kikuu cha Mtakatifu Agostino, Mwanza, mwaka 1998, na Chuo Kikuu cha Waislamu cha Morogoro kikafuata mwaka 2005. Hivi vyote ninavitaja kwa ajili ya historia tu. Ninachotaka kusema ni kwamba kwetu fikra ya chuo kikuu kilicho pia nyumba ya malezi haikuja baadaye kama nakshi; ilikuwapo tangu jiwe la msingi, na kwa hiyo tunayo haki ya kuuliza inafanyaje kazi.

Nianze na kile kinachonifanya niendelee kulipa bila ya kunung'unika. Kila mwanafunzi mpya hupangiwa halaqa ya watu wachache, isiyozidi kumi na wawili, chini ya mhadhiri mmoja wa jinsia yake, na hukutana mara moja kwa wiki baada ya sala ya Alasiri. Mkutano huanza kwa kusomwa aya chache na maelezo yake, lakini hilo huchukua muda mfupi, na sehemu kubwa inayobaki ni mazungumzo: nani ana mtihani gani, nani amechelewa kupata fedha za mkopo, nani mama yake anaumwa. Mwalimu wa halaqa ya binti yangu husomesha takwimu, na wanafunzi wanamwogopa darasani kama wanavyoogopwa walimu wa takwimu popote pale. Katika halaqa ni mtu mwengine kabisa. Huweka kijitabu kidogo cha jalada la kijani ndani ya mkoba wake, na humo huandika waliohudhuria na neno moja au mawili mbele ya kila jina.

Katika muhula wa kwanza binti yangu aliacha kwenda. Alikuwa amefeli jaribio la hisabati, jambo ambalo halikupata kumtokea tangu skuli ya msingi, na aliona haya kukaa na wenzake waliofaulu. Mwalimu hakumwandikia barua wala hakumwita ofisini. Alikuja dakhalia, yaani bweni la wanafunzi, siku ya Jumamosi asubuhi, akaagiza aitwe, akamwambia kuwa anakwenda sokoni na anahitaji mtu wa kumshikia kapu. Walinunua ndimu, mchicha na vibua, wakazungumza njia nzima kuhusu bei ya vibua, na waliporudi mlangoni ndipo mwalimu alipomuuliza amelala saa ngapi usiku uliopita. Mimi niliyapata haya baada ya miezi, na hadi leo sijui mwalimu yule aliandika neno gani katika kijitabu chake wiki ile. Najua kwamba binti alirudi katika halaqa, akapangiwa mwenzake wa mwaka wa pili wa kumsomesha, na hisabati akaifaulu katika mtihani wa marudio. Kwa huduma hii sina alama ya kupunguza, isipokuwa kwamba inategemea mno utu wa mwalimu aliyepangwa, na wapo wahadhiri, kwa maelezo ya wanafunzi wa halaqa nyengine, wanaoigeuza kuwa hotuba ya saa nzima juu ya mavazi.

Jambo la pili lililonifurahisha ni mfuko wa zaka na sadaka. Fedha za mkopo, ziwe za Bodi ya Mikopo ya Zanzibar au za ile ya Muungano, zina desturi ya kuchelewa, na mwanafunzi asiye na jamaa karibu huanza kupunguza milo kimya kimya. Katika chuo cha dini njaa ina kificho chake cha pekee. Wapo wanaofunga Jumatatu na Alhamisi kwa kufuata sunna, na wapo wanaofunga siku hizo hizo kwa sababu mfuko ni mtupu, na kwa sura huwezi kuwatofautisha. Viongozi wa mfuko wanalijua hilo. Mwanafunzi anayehitaji msaada humwona mwalimu wa halaqa yake, mwalimu hupeleka namba ya usajili bila ya jina, na kantini hupokea malipo ya mwezi mzima kabla. Anapokwenda kuchukua chakula huonyesha kadi ya rangi ile ile waliyonayo wenzake waliojilipia. Sahani ya wali na maharage ya nazi ni moja, foleni ni moja, na anayepakua hajui nani amelipiwa na nani. Hakuna orodha iliyobandikwa ukutani, wala jina lililotajwa baada ya sala ya Ijumaa kwa wahisani wapate kuona sadaka zao zimekwenda wapi. Nimeona misaada mingi ikitolewa katika maisha yangu ya ualimu, na ni michache iliyotolewa kwa sitara ya namna hii.

Nimelikuza jambo la sitara kwa sababu ndilo linalonitatiza katika huduma ya tatu, ambayo ni ofisi ya ushauri nasaha. Hapa chuo kile kile, chenye watu wale wale waliobuni utaratibu wa kadi za kantini, kimeghafilika kabisa.

Ofisi ipo katika ghorofa ya chini ya jengo la utawala, mkabala na dirisha la kulipia ada, kwa hiyo hakuna saa ya kazi ambayo ukumbi ule hauna watu. Mlango wake ni wa kioo. Nje kuna benchi moja, na anayekaa juu yake hana kazi nyengine duniani ila kusubiri kuingia humo. Juu ya meza ya mapokezi kuna daftari kubwa la mistari, lililofungwa kalamu kwa uzi, lenye safu za tarehe, jina, namba ya usajili, kitivo na, mwisho, "shida". Nilipokwenda kuulizia habari za ofisi hii nilitakiwa nami nijaze, na bila ya kutaka nilisoma ya walionitangulia. Wengi waliandika "binafsi". Mmoja aliandika "usingizi". Mwengine aliandika neno kisha akalikata kwa mistari mingi hadi karatasi ikachanika. Mshauri mwenyewe ni mtu mpole na mwenye shahada ya fani hiyo. Nilizungumza naye na sikumwona na kasoro ya elimu wala ya moyo. Lakini mshauri huyo huyo ni katibu wa kamati ya nidhamu. Mwanafunzi anayemweleza Jumanne kwamba hana raha, halali, na kwamba wiki iliyopita alitoka dakhalia usiku bila ya ruhusa kwa sababu alihisi kuta zinambana, huenda akamkuta Alhamisi amekaa upande wa pili wa meza na faili mkononi.

Uongozi unajitetea kwamba fedha za kumwajiri mtu wa pili hazipo, na kwamba katika desturi yetu mlezi ndiye anayeadhibu na ndiye anayeliwaza, kama alivyo baba nyumbani. Hoja ya fedha ninaikubali. Ya pili siikubali, kwa sababu baba hana kamati wala kumbukumbu za vikao, na mtoto akishaadhibiwa na baba yake hafukuzwi nyumbani akapoteza miaka mitatu ya ada. Matokeo ya mchanganyiko huu yanaonekana wazi: ofisini huenda wenye matatizo madogo, ya kubadilisha chumba au kuchelewa kusajili kozi, na wenye matatizo makubwa hukaa mbali. Ni kinyume kabisa cha kinachohitajika, hasa kwa kuwa tafiti zimekwisha kuonyesha kwamba robo tatu ya maradhi ya akili yanayodumu utu uzima huwa yameshaanza kabla ya mtu kutimiza miaka 24, na umri huo ndio umri wa chuo.

Wenye matatizo makubwa huenda wapi, basi? Huenda kwa imamu wa msikiti wa chuo, na hapa nataka kusema jambo kwa uangalifu. Kwetu visiwani, kijana akianza kutetemeka, kulia bila ya sababu au kukosa pumzi katikati ya usiku, wenzake wa chumbani hawamtaji daktari kwanza. Husema ana shetani, au amepatwa na husda, na kabla ya alfajiri huwa ameshaandikiwa kombe, yaani aya zinazoandikwa na kuoshwa kwa maji ili mgonjwa ayanywe. Ndivyo ilivyokuwa kwa msichana mmoja wa dakhalia ya binti yangu, aliyekuwa akipatwa na hali hiyo kila mitihani ikikaribia. Alipopelekwa kwa imamu, wengi walitarajia usomaji wa ruqya, yaani kisomo cha kumwombea mgonjwa, na kisha arudi chumbani. Imamu alimsomea, kwa sababu hilo liliombwa na halina madhara, na akauliza maswali ambayo sikuyatarajia kwa mtu wa msikitini: anakula nini, anakunywa vikombe vingapi vya kahawa, moyo unakwenda mbio kwa dakika ngapi, hali hiyo ilianza lini. Akamwambia kwamba anashuku ni wasiwasi wa maradhi, kwamba Mtume aliwahimiza watu watafute matibabu, na kwamba yeye mwenyewe atafuatana na mlezi wa dakhalia kumpeleka kliniki. Wazazi walipopigiwa simu walisita sana, kwa sababu kwa watu wa Unguja na Pemba kutajwa daktari wa akili ni sawa na kutajwa Kidongo Chekundu, na jina la hospitali hiyo limekwisha kuwa mzaha wa mitaani. Walikubali kwa kuwa aliyeomba alikuwa imamu. Angeomba mshauri wa chuo, nina shaka kama wangekubali.

Hii ndiyo nguvu ambayo chuo cha dini kinayo na cha serikali hakina, nayo haitumiki ipasavyo. Imamu anaaminiwa ila hakufundishwa fani ya ushauri; mshauri amefundishwa ila amewekwa mahali ambapo hawezi kuaminiwa; na hawa wawili, kwa ninavyofahamu, hawana kikao cha pamoja. Wala hakuna hoja ya kusema kwamba elimu ya nafsi ni kitu cha kigeni kwa Waislamu. Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 934, aliandika kwa kirefu juu ya maslahi ya mwili na ya nafsi, akaeleza khofu, huzuni, ghadhabu na wasiwasi kila moja mbali, akasisitiza kwamba nafsi huugua kama mwili unavyougua na kwamba kimoja kikiharibika humwathiri mwenzake. Chuo kinachosomesha historia ya ustaarabu wa Kiislamu katika mwaka wa kwanza kwa wanafunzi wa fani zote hakina haja ya kuazima hoja kwa mtu.

Hata suala la siri lina msingi ndani ya nyumba. Mwalimu mwenzangu hapa skulini, Mkristo aliyesoma chuo cha Kikatoliki Bara, aliniambia kwamba huko padre anayewasikiliza wanafunzi katika kitubio amefungwa na sheria ya kanisa asitoe alichosikia kwa hali yoyote ile, na kila mwanafunzi, hata asiye muumini wa kanisa hilo, anaijua sheria hiyo. Sisi hatuna kitubio, lakini tunayo mafundisho kwamba mabaraza ni amana na kwamba anayemsitiri Muislamu mwenzake naye atasitiriwa. Ingetosha mafundisho hayo yaandikwe katika kanuni za chuo, kwa lugha ya kanuni, yakieleza nini mshauri hatakiwi kukitoa, kwa nani, na ni hatari gani pekee inayoweza kulifungua jambo.

Kuhusu mwili nitasema machache, kwa kuwa hakuna mengi. Wavulana wana uwanja wa mpira wenye nyasi na ligi ya vitivo. Wasichana wana kiwanja cha netiboli kilicho kando ya barabara ya magari, kisicho na ukuta, na haishangazi kwamba hakichezwi. Kila mwaka serikali ya wanafunzi huomba kizuizi cha makuti, na kila mwaka jibu ni subira. Mtume alishindana mbio na mkewe Bi Aisha, na hadithi hiyo husomwa pale pale katika darsa ya wanawake, wasikilizaji wake wakiwa hawajakimbia tangu walipotoka skuli.

Usingizi nao umesahauliwa, na kwa maoni yangu unadhuru kuliko ukosefu wa michezo. Katika dakhalia taa huzimwa saa sita za usiku, mwito wa Alfajiri huja kabla ya saa kumi na moja, na vipindi vya kwanza huanza saa moja na nusu asubuhi. Anayeswali jamaa kila siku, kama anavyotakiwa, hapati hata saa tano kamili za usingizi. Hali hii ingerekebishwa na qailula, yaani usingizi mfupi wa mchana, ambayo nayo ni sunna, kama ratiba isingejaza vipindi na vitendo vya maabara baada tu ya Adhuhuri. Mtume alimwambia swahaba wake aliyezidisha ibada kwamba mwili wake una haki juu yake na macho yake yana haki juu yake. Nimeipendekeza hadithi hiyo kwa mpanga ratiba, ambaye alicheka kwa adabu.

Wapo pia wanafunzi wasio Waislamu, wengi wao kutoka Bara, na niliwauliza wawili ambao ni marafiki wa binti yangu. Hawakulalamikia mavazi, ambayo waliyajua kabla ya kujiunga, wala hakuna aliyewalazimisha kuhudhuria darsa. Walichosema ni kwamba hawamo katika halaqa yoyote. Kwa nia njema kabisa ya kutowalazimisha, chuo kimewaondoa katika huduma iliyo bora kuliko zote, na wao wakiacha kuja vipindini hakuna mwenye kijitabu cha kijani atakayejua. Kundi la kukutana chini ya mhadhiri, bila ya aya wala sala, lingeweza kuundwa kesho bila ya gharama hata ya shilingi.

Niliyaandika mengi ya haya katika barua kwa uongozi mwishoni mwa muhula uliopita, na nilijibiwa kwa heshima. Daftari la ushauri nasaha limeondolewa; sasa mwanafunzi huchukua namba, na benchi limehamishiwa ndani. Mlango wa kioo umebandikwa karatasi nyeupe, ambayo imeanza kubanduka pembeni. Suala la mshauri kutolewa katika kamati ya nidhamu linasubiri kikao cha baraza la chuo. Kiwanja cha netiboli hakikutajwa katika majibu.

Kwa mzazi anayefikiria kumpeleka mtoto chuo cha aina hii, ushauri wangu ni kwamba aende mwenyewe kabla dirisha la maombi halijafunguliwa, jambo ambalo kwa kawaida hutokea matokeo ya kidato cha sita yakishatoka, mwezi wa Julai. Msikiti ataonyeshwa bila ya kuomba, na maktaba vile vile. Aombe kuonyeshwa chumba cha ushauri, akae nje yake kwa muda wakati wa saa za kazi, na aulize mshauri anafanya kazi gani nyengine. Aulize kama imamu na mshauri hukutana, na lini mara ya mwisho walikutana. Kama mtoto ni wa kike, aulize wasichana wanacheza saa ngapi, kisha aende saa hiyo akaone. Mdogo wake binti yangu anamaliza kidato cha sita mwakani na ameshasema anataka chuo hicho hicho, kwa ajili ya zile halaqa. Sikumkatalia, na nimeshamwandikia mwalimu wa takwimu kumuuliza ni mhadhiri gani wa upande wa wavulana anayefanya kama afanyavyo yeye.